Mpaka Usio na Askari



Leo hatutasema habari za vita wala za wakubwa. Tutasema habari ya karatasi. Tunajua kwamba wengi wakisikia neno karatasi wanageuza ukurasa. Tunawaomba wasigeuze, maana karatasi hii inakula mishahara ya watu wetu, tena inaikula kimyakimya.

Neno lenyewe ni hili: mtu aliyehama toka jimbo moja la Marekani kwenda jimbo lingine katikati ya mwaka, hesabu ya kodi ya mapato yake ataipeleka wapi? Katika jimbo aliloacha? Katika jimbo alilofikia? Au katika yote mawili? Kila mwaka, tangu Januari mpaka Aprili, swali hili linaulizwa nyumbani kwetu, mlangoni pa kanisa na katika simu, na majibu ni ya kila namna. Mmoja anasema: «Nilipeleka ya serikali kuu, imetosha.» Wa pili anasema: «Nilikwisha kuhama, jimbo lile halinihusu tena.» Wa tatu anasema ukipeleka mbili watakukata mara mbili. Wote watatu wamekosa. Hatusemi hivyo kwa kuwadharau, maana nasi tulikosa kama wao.

Jambo hili si la watu wawili au watatu. Katika mwaka wa hesabu wa 2016 peke yake Marekani ilipokea wakimbizi Wakongomani 16,370, wengi kuliko watu wa nchi nyingine yoyote mwaka ule. Na watu hao hawakukaa mahali walipopelekwa. Shirika lilimpeleka mtu Texas au Arizona. Baada ya miezi akasikia kwamba mjomba wake yuko Iowa na kiwanda cha nyama kinaandika watu, au kwamba Kentucky nyumba si ghali sana. Akahama. Mwaka uliofuata akahama tena. Sisi ni watu wa kufuata ndugu na kazi. Hilo si kosa. Kosa ni kuhama kwa miguu na kuacha jina nyuma.

Wazee wetu walijua vizuri habari za kuhama na kodi. Wakati wa Wabelgiji, mtu mweusi aliyetaka kutoka katika teritwari yake kwa siku nyingi ilimpasa kuwa na karatasi ya ruhusa, ile iliyoitwa passeport de mutation. Kodi ya kichwa alilipa, na alama ya kuonyesha kwamba amelipa aliitunza, maana mtu wa Bulamatari aliweza kumsimamisha njiani na kumwuliza. Hatumsifu Bulamatari kwa hayo. Lakini tazameni neno moja: mpaka wa siku zile ulionekana. Mzee hakuweza kuuvuka bila kujua kwamba ameuvuka.

Huko Marekani ni kinyume. Unapakia vitanda na masufuria katika kamyo ya kukodi mjini Abilene, Texas, unakwenda mchana na usiku, unapita Oklahoma, Kansas na Missouri, unafika Des Moines katika Iowa, wala hakuna mtu aliyekuuliza unatoka wapi. Kuna kibao tu kando ya barabara kinachokukaribisha. Ni uhuru mzuri, na wazee wangeufurahia. Lakini mpaka upo. Askari wake hakai barabarani, anakai kama mtu asiyeonekana ndani ya buro ya kodi, na huko anakungoja mpaka Aprili, pengine mpaka mwaka wa tatu, ndipo barua inakuja na faini na riba.

Tueleze sasa mambo yalivyo. Kodi ya mapato katika Marekani ni mbili. Moja ni ya serikali kuu, inayokusanywa na ofisi iitwayo IRS. Hiyo ni moja kwa nchi nzima, na mtu aliyehama anaipeleka mara moja tu, kwa adresi yake mpya. Ya pili ni ya jimbo. Jimbo la Wisconsin lilianza kodi ya namna hii mwaka 1911, hata kabla ya katiba kubadilishwa mwaka 1913 ili kuipa serikali kuu ruhusa ya kukata ya kwake. Tangu hapo kila jimbo lina sheria yake, fomu yake na sanduku lake. Kuna majimbo 9 yasiyokata kodi katika mshahara wa kazi: Alaska, Florida, Nevada, New Hampshire, South Dakota, Tennessee, Texas, Washington na Wyoming. Mengine yote yanakata, kila moja kwa kipimo chake. Kwa mapato ya mwaka 2025, Arizona ilikata 2.5 kwa mia, Iowa 3.8, Kentucky 4, Illinois 4.95.

Sisi watu wa Kongo hatuna haja ya kufundishwa sana kwamba sanduku la jimbo na sanduku la serikali kuu ni vitu viwili. Tulijitenga na kupigana kwa ajili ya hayo. Katanga ilipojitenga tarehe 11 Julai 1960, kodi za Union Minière ziliingia Elisabethville badala ya Léopoldville, na sote tunajua yaliyofuata. Hata katiba ya 2006, iliyosema kwamba majimbo yapate 40 kwa mia ya mapato ya nchi, imetuletea mabishano mpaka wengine wamechoka kuyasikia. Basi mwenzetu akiwa Marekani asishangae kwamba buro ya Iowa haijui kitu cha buro ya Arizona, wala haitaki kukijua. Sanduku moja halimwagi fedha katika lingine.

Sasa tuje kwenye mwaka uliokatika. Tuseme ndugu mmoja alifanya kazi Texas tangu Januari mpaka mwisho wa Julai, akapata dola 21,000. Agosti akahamia Iowa, akapata huko dola 15,000 mpaka Desemba. Kwa Texas hana la kupeleka, maana haikati kodi ya mshahara. Kwa Iowa yeye ni mkaaji wa sehemu ya mwaka. Katika fomu za Kiingereza ameandikwa part-year resident. Yashikeni maneno hayo kwa macho, maana ndiyo kisanduku cha kutia alama. Ndugu huyu anafungua fomu ya Iowa, na cha kwanza anachokiona ni kwamba inaanza na mapato yake ya mwaka mzima, dola 36,000 zote, pamoja na zile za Texas. Hapo anapiga kelele: «Wezi! Fedha ya Texas wanaitaka kwa nini?» Anafunga fomu, anaiweka chini ya godoro.

Angesoma mbele kidogo asingekasirika. Iowa inahesabu kwanza kodi kana kwamba mwaka wote ulikuwa wake, halafu kwa karatasi iitwayo IA 126 inaondoa sehemu isiyo yake. Tuseme kodi ya mwaka mzima ingekuwa dola 600. Iowa inachukua 15 juu ya 36 ya hizo, ndiyo dola 250, na kinachobaki inakiacha. Majimbo mengi yanahesabu kwa njia hii au inayofanana nayo. Tumekaa sana juu ya jambo hili kwa sababu ndipo hasa watu wetu wanapokata tamaa, nao wanakata tamaa mistari michache kabla ya kuona haki yao.

Safari ya kinyume ina mtego wake. Aliyetoka Iowa kwenda Texas au Tennessee anaambiwa na ndugu wa huko: «Hapa hakuna kodi ya jimbo, lala salama.» Ni kweli kwa miezi ya huko. Lakini miezi ya Iowa bado ni ya Iowa, na patroni wa Iowa amekwisha kupeleka jina lako na mshahara wako. Pengine una deni dogo, pengine una fedha ya kurudishiwa. Hutajua usipopeleka.

Kuna na jambo la tatu, nalo ni baya kuliko mengine. Mtu anahama toka Arizona kwenda Kentucky, na patroni ni yule yule, kampuni moja yenye viwanda pande zote mbili. Hakuna aliyebadilisha kitu katika buro ya mishahara. Basi yuko Kentucky, analipa nyumba Kentucky, watoto wanasoma Kentucky, na kila wiki mbili kodi yake inaingia sanduku la Arizona. Mwisho wa mwaka Kentucky inasema: hujalipa. Yeye anaonyesha karatasi za mshahara: nimelipa, tazameni! Amelipa kweli, lakini kwa jirani. Dawa yake ni kazi mbili. Anaiomba Arizona imrudishie, kwa fomu ya wakaaji wa sehemu ya mwaka iitwayo 140PY, na anailipa Kentucky kwa fomu 740-NP. Zaidi ya hayo amwombe patroni amsahihishie W-2, na karatasi hiyo ya masahihisho inaitwa W-2c. Fedha haivuki mpaka yenyewe, hata kama buro zote mbili zina barua yako mezani.

Ndiyo maana tunasema: siku ya kwanza ya kazi katika jimbo jipya, uliza fomu ya jimbo hilo ya kukata kodi. Kentucky inaitwa K-4, Iowa inaitwa IA W-4. Wasipokupa, iombe. Na ukipokea W-2, ambayo patroni analazimishwa kuitoa kufika tarehe 31 Januari, usitazame fedha ya juu tu. Shuka mpaka visanduku vya 15, 16 na 17. Hapo pameandikwa jina la jimbo, mshahara uliohesabiwa kwa jimbo hilo, na kodi iliyokatwa kwa ajili yake. Jimbo likikosewa hapo, kila kitu kitakosewa.

Na je, habari ya kukatwa mara mbili? Hofu hiyo si ya bure. Inaweza kutokea kwamba majimbo mawili yanadai mapato yale yale, kwa mfano umekaa upande huu na kazi iko upande ule. Lakini jimbo unalokaa hutoa punguzo kwa kodi uliyolipa kwingine. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya jamaa ya Wynne na jimbo la Maryland, iliamua kwa majaji 5 juu ya 4 kwamba Maryland ilivunja katiba kwa kutotoa punguzo kamili. Majirani wengine wamekwenda mbali zaidi, wakapatana kabisa. Anayekaa Rock Island, Illinois, akivuka mto kila asubuhi kwenda kazi Davenport, Iowa, mshahara wake unakatwa kodi na Illinois tu. Kwa sharti ampe patroni karatasi ya kuonyesha anapokaa. Kentucky na Indiana nazo zimepatana. Hata hivyo mji wa Louisville una kodi yake kwa kila anayefanya kazi humo, na mapatano ya majimbo hayaigusi. Indiana nayo ina kodi ya wilaya, ambayo inamtazama mtu alikokaa tarehe 1 Januari. Na ninyi ndugu wa makamyo makubwa, msiogope: mwajiriwa anayeendesha mizigo katika majimbo mengi anakatwa kodi ya mshahara huo na jimbo anakokaa tu. Ni sheria ya nchi nzima.

Tunarudi kwenye ukimya, maana ndio adui. Mtu anasema, nisipopeleka hawatajua. Watajua. Patroni amepeleka W-2 katika jimbo, na IRS na majimbo wanapashana habari. Tazameni pia jinsi sheria ilivyo na pande mbili zisizolingana. Kama wewe ndiwe unayedai kurudishiwa, una muda. Kwa kodi ya serikali kuu ni kwa kawaida miaka 3, na majimbo mengi yana muda kama huo. Ukipita, fedha yako imekufa. Lakini kama jimbo ndilo linalokudai, na wewe hukupeleka hesabu, katika majimbo mengi saa ya deni haianzi hata kutembea. Haki yako inazeeka, haki yao haizeeki. Je, ni nani aliyefaidika na kunyamaza?

Tena kuna fedha za watoto. Majimbo kadhaa yana msaada kwa wafanyakazi wa mshahara mdogo, unaohesabiwa juu ya ule wa serikali kuu: Iowa 15 kwa mia, Illinois 20, Michigan 30. Aliyehama mara nyingi anapata kwa kadiri ya miezi yake, lakini anapata. Jimbo la Washington halikati kodi ya mshahara, na bado linatoa fedha kwa jamaa za namna hiyo, kwa aliyekaa humo siku 183 au zaidi. Mama mwenye watoto watano asiyepeleka hesabu kwa kuogopa dola 80 za deni, pengine ameacha mezani mamia ya dola yaliyokuwa yake.

Na kuna uraia. Fomu N-400, ile ya kuomba kuwa raia, inauliza wazi kama una deni la kodi lililopita wakati wake, la serikali kuu, la jimbo au la mji. Inauliza pia kama, tangu upate karatasi ya ukaaji, ulijiita mgeni asiye mkaaji katika hesabu ya kodi, au uliacha kupeleka kwa sababu hiyo. Hapa pana neno la kuangalia sana. Fomu ya jimbo inaposema nonresident, maana yake ni kwamba hukukaa katika jimbo lile. Si kusema kwamba hukai Marekani. Fomu ya serikali kuu iitwayo 1040-NR ni kitu kingine kabisa. Ni ya wageni wasiohesabiwa kuwa wakaaji wa nchi. Mwenye karatasi ya ukaaji, au mkimbizi aliyekaa mwaka mzima, akiandikiwa fomu hiyo na mtu wa haraka, asitie sahihi kabla ya kuuliza.

Watu wa haraka! Tunawajua. Anakaa na kompyuta nyuma ya duka, anaomba dola 300 au 400, anasema kwa Kiswahili kizuri kwamba amemaliza, na jina lake haliko popote katika karatasi. Sheria inasema kila anayelipwa kwa kuandika hesabu ya kodi ya mtu lazima atie sahihi yake na namba yake iitwayo PTIN. Asiyetaka kutia sahihi, mnyang'anye W-2 yenu mkaondoke, hata kama ni mtu wa kijiji kimoja nanyi. Kuna wasaidizi wa bure wa mpango wa VITA, ambao mwaka 2025 waliwapokea kwa kawaida watu wenye mapato yasiyozidi dola 67,000. Ila ulizeni kwanza kwa simu kama kituo chao kinaandika hesabu za majimbo mawili, maana vingine havifanyi. Mtu amepanda basi mbili na watoto mgongoni, anafika, anaambiwa hapa hatuna ruhusa: hilo linatuchoma.

Barua nazo zinahama polepole. Posta ya Marekani inafuatisha barua zako kwa miezi 12 ukiiambia, kisha inaacha. IRS ina fomu 8822 ya kubadili adresi. Buro ya jimbo uliloacha iambie peke yake, usidhani itasikia kwa wengine. Na tunza ushahidi wa siku ya kuhama: karatasi ya nyumba mpya, deni la kwanza la umeme, permi mpya ya kuendesha gari, barua ya shule ya watoto. Mkibishana juu ya Julai na Agosti, hizo ndizo zitakazosema.

Mpaka hapa tumewakemea ndugu zetu. Lakini haki inatutaka tuwageukie na wenye buro. IRS ina karatasi, Schedule LEP, ambayo mtu anaweza kuchagua lugha ya kuandikiwa barua. Katika orodha ya mwaka wa hesabu wa 2024 kuna lugha 20 hivi: Kihispania, Kivietnamu, Kikrioli cha Haiti, Kigujarati, Kikhmer, na nyingine. Kifaransa kimo. Kiswahili hakimo. Tunauliza: ni Mkongomani gani waliyemfikiria walipoweka Kifaransa tu? Mwenye diploma ya Lubumbashi atasoma. Mama wa Fizi aliyekimbia akiwa na miaka 12, akasoma Kiswahili kambini, atasoma kwa macho ya nani? Kwa macho ya mwanawe wa darasa la sita, ambaye sasa anajua mshahara wa mama, deni la mama na hofu ya mama. Kodi yake wanaikata kila wiki mbili bila kumwuliza lugha yake.

Basi tunaandika barua kwa IRS, na nakala kwa buro za kodi za Iowa, Kentucky, Arizona, Texas na Illinois, kuomba Kiswahili kiingie katika orodha hiyo, na maelezo ya mkaaji wa sehemu ya mwaka yachapwe kwa lugha yetu. Texas haitakuwa na la kujibu, maana haina kodi hiyo, lakini ndiko wengi wetu wanakoanzia safari, na afadhali waambiwe kabla hawajapakia kamyo. Anayetaka kutia sahihi alete jina lake, na jimbo alikotoka, na jimbo aliko sasa. Tunapokea mpaka tarehe 15 Aprili, ambayo kwa kawaida ndiyo siku ya mwisho ya hesabu za serikali kuu, Arizona, Kentucky na Illinois. Watu wa Iowa wana mpaka tarehe 30.